Masikilizano

Mama, sufuria hiyo kubwa ya misiba
uliyoazima kwa akina Chilongani
usiijaze bado.
Au ijaze, lakini nisikilize kwanza.

Najua ulivyokandwa wewe, uzazi wa saba,
mvuke ukaficha paa,
taulo likakutua tumboni kama pasi ya mkaa.
Najua siku ya arobaini ulifunga kanga
ukaenda kupalilia uwele kwa jembe lako mwenyewe.
Sina ubishi na mgongo wako.
Mgongo wangu ndio wenye maneno.

Siku daktari alipotamka jina la ugonjwa,
multipo sklerosisi,
ulikuwa umeketi mlangoni na kapu la zabibu miguuni.
Wewe ukasikia masikilizano.
Ukarudi Hombolo ukawaambia majirani:
mkamwana wangu ana masikilizano.
Nilicheka hadi mkojo ukanitoka,
na mkojo nao ulikuwa dalili.

Lakini ulipatia, mama. Ndiyo hasa niliyopungukiwa.
Kichwa kinasema nyanyuka, mguu unauliza: nani?
Nikiinama kufunga kiatu, umeme unanishuka uti wa mgongo
kama umeme wa mgao uliorudishwa ghafla.
Msimu ule wa kuvuna jicho la kushoto
liliisahau rangi nyekundu;
nikajaza kreti nne za zabibu mbichi,
tajiri akanikata posho
akasema nimelewa asubuhi.

Unakumbuka mwaka mbuzi walipoingia shambani,
wakaacha majani, wakatafuna magome?
Mizabibu ilisimama wima, kijani, wiki nzima,
ndipo ikaanza kunyauka tawi moja moja.
Na mbuzi wale hawakuwa wa jirani.
Walikuwa wetu.
Ndivyo ilivyo humu ndani:
walinzi wa damu yangu mwenyewe
wanabandua gome la mishipa ya fahamu.
Hakuna aliyewatuma.
Ulikwenda bure kule Bahi na kuku wako mweupe.
Nilikuona. Nikanyamaza.

Kisha akaingia huyu.
Watu walisema atanimaliza.
Hata Yoramu alihesabu miezi kwa vidole
kama anayehesabu deni.
Lakini tangu tumbo lilipochomoza
mbuzi wamelala.
Nimekwenda bwawani na kurudi bila fimbo.
Nimesoma maandishi madogo ya kalenda ya kanisa
kwa jicho lile lile la kushoto.
Anapopiga teke nalisikia lote,
hata ubavu ule wenye ganzi.
Mimba hii, mama,
sijui nani anambeba nani.

Daktari hakunificha: wakiamka,
huenda wakaamka nikishajifungua,
miezi mitatu ya mwanzo, wakiwa na njaa.
Huenda, alisema. Hakuapa.
Nami hiyo huenda nalala nayo
kama mtu anayelala na mlango usio na komeo.

Basi sikuombi dua, dua unazo.
Nakuomba maji.
Joto hunizima. Umeniona Oktoba, saa nane,
bati likilia juu yetu,
miguu yangu ikawa uji na jicho likaingia ukungu.
Maji yako ya kuchemka yatanifanya hivyo
nikiwa na mtoto mikononi.
Nikande, sijakataa kukandwa.
Lakini kwa yale unayoyapima kwa kiwiko,
maji ya kichanga.
Mimi na yeye, sufuria moja,
vuguvugu.

Husemi kitu.
Unachutama, unavuta ukuni mmoja kutoka mafigani,
unaufukia mchangani hadi moshi unakoma.
Wa pili unautazama sana,
kisha unauacha.